Kabla Hujambadilisha Mchezaji, Fungua Jedwali

Juni 2024, saa tano usiku, nimekaa jikoni hapa Columbus, Ohio, na ombi ambalo sijalijibu tangu mchana. Mwenzangu wa ligi ya fantasi ya besiboli, mchezo wa kuunda timu ya kufikirika inayopata alama kwa takwimu za wachezaji halisi, anamtaka Elly De La Cruz wa Cincinnati Reds, aliye kwenye timu yangu. Yeye atanipa Ryan Helsley wa St. Louis Cardinals. Mmoja kwa mmoja, bila nyongeza.

Kwa mliozoea fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, hii yetu ya besiboli ina tofauti moja kubwa. Kule mchezaji mmoja anaweza kuwa kwenye vikosi vya mamilioni ya watu. Sisi tuko timu 12, na kila mchezaji ana mwenyewe mmoja tu. Ukimtaka, usubiri aachwe au uelewane na aliye naye. Alama zinatoka kwenye mafungu kumi ya takwimu, matano ya wapigaji na matano ya warushaji. Anayeongoza fungu anapata 12, wa mwisho anapata 1.

De La Cruz ana mbio za kutisha. Msimu ule alimaliza na besi 67 za kuiba, yaani mara 67 alikimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe, hakuna aliyemfikia katika ligi yote. Helsley ni mrushaji anayeingizwa mwishoni kulinda ushindi mwembamba, na kila akiulinda anaandikiwa sevu. Ukiangalia majina tu, hakuna anayemtoa kijana kama yule kwa mtu anayecheza ingi moja, yaani kipindi kimoja kati ya tisa vya mchezo.

Nikachukua bahasha ya bili ya umeme na kalamu. Upande mmoja nikaandika besi za kuiba: mimi ni wa kwanza, wa pili yuko nyuma yangu kwa 31. Hizo 31 hazikuwa zinanipa kitu. Kuongoza kwa moja na kuongoza kwa 31 ni alama zilezile 12. Upande wa pili nikaandika sevu: mimi ni wa 11, lakini kutoka hapo hadi nafasi ya sita palikuwa na sevu tisa tu. Nikimtoa De La Cruz naweza kushuka nafasi moja kwenye besi, labda mbili kwenye mikimbio, yaani pointi anazofunga mchezaji kwa kuzunguka besi zote. Nikimpata Helsley napanda tano. Kisha nikauliza swali ambalo wengi hulisahau: nani atacheza nafasi yake? Nilikuwa na mtu benchi, si nyota, ila anacheza kila siku. Nikakubali.

Asubuhi kazini rafiki yangu Mkenya, naye yumo ligini, akanishangaa. "Ndugu yangu, umeuza fahali ukanunua jogoo?" Nikamwonyesha bahasha. Akaisoma kimya, akauliza kama anaweza kuipiga picha.

Helsley alimaliza na sevu 49, nyingi kuliko za mrushaji mwingine yeyote mwaka ule. Mimi nikamaliza wa tano kwenye sevu na wa pili kwenye besi. Lakini hata angeumia siku ya pili, hesabu ya usiku ule ingebaki sahihi, na hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu mwezi mmoja kabla nilikosea vibaya.

Mei nilitoa wachezaji wawili wazuri nikamchukua Ronald Acuña Mdogo wa Atlanta Braves. Mwaka 2023 alipiga mipira 41 ya kuvuka uzio na kuiba besi 73, na hizo namba ndizo nilizokuwa nanunua. Zake za 2024 sikuzitazama kwa makini: mipira minne tu iliyovuka uzio, wastani wa kupiga ukielea jirani na .250, yaani kama mara moja tu kati ya nne anafanikiwa. Mei 26, mjini Pittsburgh, akachanika kano ya goti la kushoto. La kulia lilikuwa limemwangusha 2021. Goti sikuweza kulitabiri, hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kulipa bei ya mwaka jana.

Na kulikuwa na kosa la pili ndani yake. Ukitoa wawili kupata mmoja, nafasi moja inabaki wazi, kwa hiyo unachopokea hasa ni nyota pamoja na yule utakayemwokota kwa wachezaji huru, wasio na mwenyewe ligini. Mwenzako naye lazima aache mtu. Ligi yenye timu nane ina wachezaji huru wa maana, na hapo kutoa wawili kwa mmoja mara nyingi kunalipa. Yetu ya 12 tulikuwa tumeshakwangua sufuria. Niliyemwokota hakudumu wiki mbili.

Jambo jingine: soma habari za siku hiyohiyo. Mwanzoni mwa Aprili 2024 mtu mmoja alinitumia ombi la haraka akimtoa Spencer Strider, mrushaji aliyewatoa wapigaji 281 kwa kuwakosesha mpira mwaka uliotangulia. Bei yake ilikuwa laini mno. Kabla ya kubonyeza nikatafuta jina, nikakuta analalamika kiwiko. Wiki hiyo akafanyiwa upasuaji, msimu ukaisha kwake. Sheria hazimkatazi mtu kufanya vile, ila ligi ni ya watu wanaokutana kila mwaka, na mimi sijawahi tena kufanya biashara na yule bwana. Ukiwa na mchezaji anayeuguza bega, sema. Mwenzako ataweza kukuamini Agosti, unapomhitaji.

Unapopeleka ombi, fungua kwanza jedwali la mwenzako uone anapungukiwa nini, kisha mwandikie mistari miwili ya kueleza. Maombi yangu mengi yaliyokubaliwa yalianza hivyo.

Mwishoni mwa Julai 2025 nililetewa Helsley tena, kwa bei rahisi. Nilimkumbuka kwa mapenzi, karibu nikubali. Kisha nikaangalia anachezea wapi: Cardinals walikuwa wamempeleka New York Mets, na pale kazi ya kufunga mchezo ilikuwa ya Edwin Díaz. Mrushaji yuleyule, mkono uleule, lakini sevu hazipo. Nikamwandikia mwenzangu asante, nikamweleza sababu, nikarudi kutafuta sevu zangu kwa wachezaji huru.