Niliacha Jiko, Sikio Likabaki Kazini

Nilipikia watu wengi kwa miaka 34, mpaka magoti yalipokataa kusimama mchana kutwa. Katika jiko kubwa mpishi hupika na masikio pia. Mafuta yakishapata moto hubadili sauti, na sufuria inayoanza kushika chini huguna tofauti na inayochemka vizuri. Nilipostaafu, kimya cha nyumbani kilinielemea. Kilichonitoa ndani ni kigunduzi cha metali alichonipa mwanangu, na huu ni mwaka wa 11 natembea nacho.

Wanaoanza huniuliza wanunue mashine ipi. Mimi huwauliza wana muda gani wa kusikiliza. Ile koili ya mviringo, yaani waya uliozungushwa kwenye ncha ya chini ya mashine, hupeleka uga wa sumaku ardhini. Uga huo ukikuta metali, umeme mdogo huzunguka ndani ya metali na kutoa uga wake wenyewe, na mashine hugeuza jibu hilo kuwa mlio. Baada ya hapo kazi ni yako. Kioo cha mashine kitakupa namba ya kukisia aina ya metali, lakini pete nyembamba ya dhahabu na kile kidude cha kufungulia kopo la soda huweza kutoa namba zinazokaribiana sana. Ukiiambia mashine inyamazie takataka zote, umeinyamazisha pete pia. Fukia mwenyewe sarafu, msumari na kipande cha karatasi ya alumini, uvipitie tena na tena mpaka uvijue kwa sauti. Koili iende polepole, iwe sambamba na ardhi, na kila mpito upande kidogo juu ya uliotangulia. Na usiende mahali popote bila ruhusa ya mwenye ardhi, wala kabla ya kujua sheria ya nchi yako inasemaje. Kwingine ni lazima uwe na kibali cha serikali. Shimo lifukie kama ulivyolikuta. Ukiona kitu kinachofanana na bomu au kombora, usikiguse. Ondoka uwaite polisi.

Kosa linaloniuma mpaka leo nililifanya mwaka wa kwanza. Nilipata sarafu ya shaba, nyeusi kwa uchakavu, nikaiona kwa macho ya mtu aliyesugua sufuria maisha yake yote. Nikaisugua kwa majivu na brashi hadi ikang'aa. Maandishi yakaondoka pamoja na weusi, nami sitajua kamwe ilikuwa ya nani wala ya lini. Ile ngozi nyeusi ndiyo iliyokuwa imeyahifadhi. Siku hizi nikipata kitu natoa udongo uliolegea tu, nakiweka kikiwa hivyo hivyo, halafu naandika kina, tarehe na pembe ya shamba nilipokitoa.

Kuhusu kujua kitu kililala wapi na vipi, kuna tukio ninalolirudia kwa kila mgeni wa kazi hii. Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne huko Uingereza, mzee mmoja mstaafu alikwenda na kigunduzi kumtafutia rafiki yake nyundo iliyopotea shambani. Akakuta vijiko vya fedha na sarafu za Kirumi. Alitoa sehemu tu, akasimama, akatoa taarifa. Kwa kuwa vingi vilikuwa bado vimelala kama vilivyowekwa, wanaakiolojia waliweza kusoma hata alama za sanduku la mbao lililokwisha kuoza. Sarafu zilikaribia 15,000. Leo mali hiyo iko katika makumbusho ya British Museum, na nyundo ilipatikana pia, nayo makumbusho hayo yakaichukua.

Mimi dhahabu iliyokuwamo katika mali hiyo hainishughulishi sana. Ninachokifikiria ni vile vyombo vidogo vya fedha vya kutilia pilipili manga. Kimoja kina umbo la mwanamke, na chini yake kuna kisahani kinachozungushwa: upande huu unajaza, upande huu unanyunyiza, upande huu umefunga. Kuna mtu alikishika mezani zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, akakizungusha kwa vidole, kisha akakionja chakula chake.

Nilichopata mimi ninachokipenda kuliko vyote ni kijiko cha bati, mpini umevunjika, kina sentimita 14. Kingo yake ya kushoto imelika, maana aliyekitumia alikuwa akikwangua nacho chini ya sufuria kwa mkono wa kulia, miaka mingi. Hiyo nimeijua mara moja, kwa sababu vijiko vyangu vyote vimelika upande huo huo.