Uuguzi ukiwa na miaka 40 na ushei: ya kujua kabla ya kuingia wodini

Anayeingia uuguzi akiwa mtu mzima, baada ya miaka mingi ya ualimu, uhasibu, biashara au kulea watoto, huja na vitu ambavyo kijana wa miaka 20 bado anavitafuta. Amezoea kuzungumza na watu wa kila aina, na ameshaona ugonjwa na msiba kwa karibu. Mbele ya mgonjwa mwenye hofu, hivyo ni mtaji mkubwa. Lakini havimsaidii kukokotoa dozi, wala havimwondolei uchovu wa zamu ya usiku. Wanaokwama katika rika hili mara chache hukosa moyo wa kazi. Hukwamishwa na hesabu, mgongo, usingizi na aibu ya kuuliza. Yote hayo yanaweza kuandaliwa mapema.

Kabla ya kujaza fomu

Uliza baraza linalotoa leseni za uuguzi kama chuo unachokitaka kinatambuliwa. Uliza baraza lenyewe, usitosheke na neno la chuo. Mhitimu wa chuo kisichotambuliwa haruhusiwi kukaa mtihani wa leseni, na miaka yake imepotea. Uliza pia tofauti ya cheti, stashahada na shahada: kila ngazi inakuruhusu kufanya nini na inaishia wapi. Ukiwa tayari na shahada ya fani nyingine, baadhi ya nchi zina njia fupi ya kuingia, ila mara nyingi huhitaji ufaulu wa biolojia na kemia. Kama masomo hayo uliyaacha zamani au ufaulu wake ulikuwa mdogo, huenda ukalazimika kuyarudia kwanza. Ni afadhali kulijua hilo kabla ya kuacha kazi.

Jambo la pili ni ratiba ya mafunzo kwa vitendo. Saa za wodini huhesabiwa, na hazifidiwi kwa kusoma nyumbani. Zinagusa usiku, wikendi na sikukuu. Wengi hupanga kuendelea na kazi yao ya zamani kwa nusu siku, na mpango huo husimama vizuri wakati wa nadharia, kisha huvunjika wiki ya kwanza ya vitendo. Katika bajeti, usiweke ada peke yake. Weka sare, viatu, stetoskopu, saa yenye mshale wa sekunde, chanjo, nauli za kwenda hospitali tofauti, ada ya mtihani na ya leseni. Kisha weka kipindi ambacho karibu kila mtu hukisahau: miezi kati ya mtihani wa mwisho na mshahara wa kwanza.

Chanjo ya homa ya ini B kwa ratiba ya kawaida ni dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, na ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Ukisubiri hadi chuo kifunguliwe utaanza kushika sindano zenye damu ukiwa na kinga nusu. Mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho, pima damu kuona kama kinga imefika 10 mIU/ml au zaidi. Kipimo hiki kina uzito zaidi kwako kuliko kwa kijana, kwa sababu mwili wa aliyevuka miaka 40 huitikia chanjo hii kwa nguvu ndogo kidogo.

Hesabu za dawa

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi, hata kabla ya muhula kuanza. Kanuni ni moja: dozi iliyoagizwa, gawa kwa kiasi kilichomo kwenye dawa, zidisha kwa ujazo wake. Daktari ameandika tramadoli, dawa ya maumivu, mg 75, na ampuli (kichupa kidogo cha dawa ya sindano) ina mg 100 ndani ya ml 2. Basi 75 ÷ 100 × 2 = ml 1.5. Kwa mtoto, uzito huja kwanza. Mtoto wa kilo 18 aliyeandikiwa parasetamoli mg 15 kwa kila kilo anahitaji mg 270. Kama sharubati ina mg 120 katika kila ml 5, utampa 270 ÷ 120 × 5 = ml 11.25. Kilo hizo zitoke kwenye mizani, si kwa kumtazama mtoto ukakadiria.

Makosa makubwa hayatoki kwenye kugawa na kuzidisha. Yanatoka kwenye vipimo: gramu 1 ni mg 1000, na mg 1 ni mikrogramu 1000. Anayechanganya hapo hukosea mara 1000, na kikokotoo hakitamwambia kitu. Kwa hiyo kadiria kwanza kwa kichwa: je, nitahitaji chini ya ampuli moja au zaidi? Jibu likidai ufungue ampuli 3 au 4 kwa dozi moja, simama, rudia hesabu, kisha mwombe mwenzako akokotoe bila kuona jibu lako. Ukimwonyesha jibu kwanza, macho yake yatalikubali.

Dripu ina hesabu yake: ujazo kwa ml, mara idadi ya matone kwa ml 1, gawa kwa dakika. Ml 1000 kwa saa 8 kwa seti (mrija wa dripu) ya matone 20 kwa ml 1 ni 1000 × 20 ÷ 480, yaani matone 42 kwa dakika. Idadi hiyo ya matone imeandikwa kwenye pakiti ya seti, nayo hubadilika: kuna za 10, 15, 20, na ndogo za 60. Mwanafunzi aliyekariri 20 akiletewa seti ya 15 na kuiachia matone 42, chupa ile ya saa 8 itaisha kabla ya saa 6. Kijana mwenye afya huenda asidhurike. Mzee mwenye moyo dhaifu anaweza kujaa maji mapafuni. Kwa seti ya 60 kuna njia ya mkato iliyo salama: matone kwa dakika ni sawa na ml kwa saa.

Uandishi nao huua. Andika 0.5, kamwe usianze na nukta tupu, maana nukta ikififia inasomeka 5. Andika 5, si 5.0, kwa sababu hiyohiyo. Andika neno "uniti" kwa ukamilifu kwenye insulini, kwa kuwa herufi U iliyoandikwa haraka inasomeka kama sifuri. Na liweke hili kichwani kabla hujaingia wodi yoyote: potasiamu kali ya kwenye ampuli haisukumwi moja kwa moja kwenye mshipa. Husimamisha moyo.

Vipimo vya mgonjwa

Kwa mtu mzima aliyetulia, mapigo ya moyo ni 60 hadi 100 kwa dakika, pumzi 12 hadi 20, na oksijeni kwenye kidole asilimia 95 au zaidi kwa asiye na ugonjwa sugu wa mapafu. Pumzi ndicho kipimo kinachopuuzwa kuliko vyote. Pitia chati nyingi utaona 18, 20, 18, 20, zimeandikwa bila kuhesabiwa. Ni hatari, kwani pumzi mara nyingi hupanda saa kadhaa kabla presha haijaanguka. Hesabu dakika 1 nzima, ukiwa bado umeshika kifundo cha mkono kana kwamba unapima mapigo. Mgonjwa akijua unahesabu pumzi zake, atazibadilisha.

Presha nayo hupotoshwa na mkanda. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda unapaswa kuzunguka karibu asilimia 80 ya mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu isiyo ya kweli, na mtu huanzishiwa dawa asizozihitaji. Mgonjwa apumzike dakika 5, mgongo uegemee, miguu isipishane, mkono uwe usawa wa moyo. Mkojo usiusahau: mtu mzima anatarajiwa kutoa angalau ml 0.5 kwa kila kilo kwa saa, yaani ml 30 kwa saa kwa mwenye kilo 60.

Mwili wako

Baada ya miaka 40 macho huanza kushindwa kusoma vitu vya karibu, na maandishi ya ampuli ni madogo sana. Pima macho kabla ya chuo, vaa miwani yenye kamba shingoni, na usisome lebo kwenye mwanga hafifu wa usiku. Soma lebo mara 3: unapoitoa dawa rafuni, unapoivuta kwenye bomba la sindano, na ukiwa kando ya mgonjwa kabla ya kumpa.

Mgongo huumizwa zaidi na kujipinda kuliko uzito peke yake. Pandisha kitanda hadi usawa wa kiuno chako kabla ya kuanza kazi yoyote, geuka kwa miguu badala ya kiuno, tumia shuka la kutelezea, na muwe wawili. Kumnyanyua mgonjwa kwa kumshika makwapa ni tabia ya kuiacha kabisa, kwani humuumiza bega naye, na hukuumiza wewe kiuno. Kila baada ya saa 2 kuna mtu wa kugeuzwa ili asipate vidonda vya mgandamizo, hivyo kosa dogo la mkao hurudiwa mara nyingi kwa siku.

Kabla ya zamu ya kwanza ya usiku, lala dakika 90 hivi mchana. Kahawa au chai ya rangi iishie katikati ya zamu. Ukifika nyumbani, chumba kiwe giza na simu iwe mbali, na wa nyumbani wajue kuwa saa hizo haupo. Kama unatumia dawa za presha au kisukari, zungumza na daktari wako mapema kuhusu saa za dawa na chakula kwenye zamu za usiku. Mpango uliokufaa ofisini hautafaa hapa.

Kusoma upya

Kusoma kurasa na kuzipaka rangi kunatia moyo bila kuacha kitu kichwani. Funga kitabu, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka, kisha fungua uone kilichokosekana. Rudia kesho, rudia baada ya siku 3, rudia baada ya wiki. Kwa kila kiungo jiulize kwa mfuatano: kinafanya kazi gani, kikishindwa nini kitatokea, muuguzi ataona dalili gani, atafanya nini.

Maswali ya mitihani ya uuguzi hupenda kuuliza utafanya nini kwanza. Watu waliowahi kuwa na madaraka huchagua haraka jibu la kumpigia daktari. Kwa kawaida jibu sahihi ni kumwangalia mgonjwa kwanza: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu. Utakapopiga simu bila kujua hali ya hivyo vitatu, utaulizwa swali ambalo huna jibu lake.

Kuwa chini ya mdogo wako

Muuguzi msimamizi anaweza kuwa na miaka 26. Mwite sista au kwa cheo chake, usimwite mwanangu hata kama umri wako unaruhusu. Neno lile linamtoa kwenye nafasi ya kukusahihisha, na wewe ndiye utakayekosa mafunzo. Kuwa na sentensi moja tayari mdomoni: "Sista, hili nimeliona likifanywa, sijalifanya mwenyewe. Naomba usimame nami." Hakuna msimamizi mwema atakayekudharau kwa hilo. Anayeogopwa wodini ni mwanafunzi mzima asiyeuliza.

Hilo linahusu ajali pia. Sindano iliyotumika haifunikwi tena kifuniko chake. Inatupwa hapohapo kwenye boksi la vitu vyenye ncha, ambalo hufungwa likifika robo 3. Ikikuchoma, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, toa taarifa papo hapo. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, ndani ya saa za kwanza, na haziwezi kuanza baada ya saa 72. Ukinyamaza kwa aibu hadi zamu iishe unapunguza nafasi yako mwenyewe.

Ulipo na faida kubwa ni katika kutoa taarifa, mradi uzibane. Mtu mzima hupenda kuanza hadithi tangu mwanzo. Daktari wa zamu anahitaji hali, historia fupi, tathmini na ombi: "Daktari, napiga kutoka wodi ya upasuaji. Mgonjwa wa kitanda 6, siku ya kwanza baada ya upasuaji wa tumbo. Pumzi zimetoka 18 hadi 28 ndani ya saa 2, mapigo 122, presha 95 kwa 60, mkojo ml 40 kwa saa 3. Nina hofu anavuja damu ndani. Naomba uje sasa. Nianze nini wakati unakuja?" Iandike kwanza kwenye karatasi, kisha piga.

Ukishapata leseni, omba kuanzia wodi ya jumla ya magonjwa ya ndani au ya upasuaji kwa mwaka mmoja hivi, hata kama ndoto yako ni kliniki yenye saa za mchana tu. Kule utaona magonjwa mengi kwa muda mfupi, na mkono utazoea. Kwenye usaili uliza mambo matatu: nitafanya kazi chini ya uangalizi kwa wiki ngapi, usiku muuguzi mmoja hubeba wagonjwa wangapi, na nikikwama saa 9 usiku nampigia nani. Wodi isiyo na jibu la swali hilo la tatu, iache mtu mwenye uzoefu aichukue.