Ramani ya babu na simu havipatani

SWALI: Shikamoo mzee. Marehemu babu aliniachia ramani ya huku kwetu Muheza, skeli 1:50,000. Nilisimama barabara inapokata reli, nikasoma namba za GPS kwenye simu, nikazitafuta kwenye ramani. Zikaniangusha kwenye mkonge, mbali na reli! Tena michungwa haimo kabisa. Mpwa wangu anasema niitupe. – Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba. Usiitupe, nakuomba. Nilipokuwa mpima ardhi nilitembea na ramani za namna hiyo miaka mingi, na ugomvi huo naujua. Soma maandishi madogo ya pembezoni, utafute Arc 1960. Hicho ndicho kipimo cha umbo la dunia kilichotumika kuichora. Simu yako inatumia kipimo kingine, WGS 84. Huku kwetu, namba za simu ukizitia kwenye ramani hiyo, nukta huangukia kama mita 300 kusini na mita 100 mashariki ya ulipo. Kwenye karatasi, ambako milimita moja ni mita 50, ni milimita sita na mbili tu. Kama programu yako ya ramani inaruhusu, chagua Arc 1960, kanda ya 37 kusini (ndiyo kanda ya ramani iliyomo Muheza), kisha urudi pale pale relini usome tena.

Michungwa haimo kwa kuwa enzi hizo mkonge ndio uliotawala. Machungwa yalishamiri baadaye, kamba za plastiki zilipoangusha bei ya mkonge.

Mimi naithamini kwa ile mistari ya kahawia, kontua, inayounganisha mahali penye mwinuko sawa. Mkonge umepungua, vilima vipo. Penye kontua zilizoachana sana, yaani tambarare, kandokando ya mstari wa buluu uliokatika-katika, yaani kijito cha msimu, maji hutuama wakati wa masika, na mchungwa ukilowa miguu mizizi huoza. Mkulima mmoja alipanda miche 40 mahali kama hapo; masika ya pili ikawa imekauka karibu yote. Ramani ilikuwamo kabatini mwake, imekunjwa. Iliniuma sana.

Ila usiipeleke kwenye kesi ya mpaka. Mstari wa nusu milimita hapo ni mita 25 za ardhi. Jirani yako hatakubali, na atakuwa na haki.

Ipige picha kivulini, kipande kwa kipande, kisha uilaze bapa pakavu. Ikiwa imechanika kwenye mikunjo, usiibandike selotepu: gundi yake hugeuka njano na kula wino.