Jibu: dawa ya mwanga kwa kansa ya titi iliyosambaa

Pole dada kwa kuuguza. Nimekusoma, mama kansa ya titi imeshafika uti wa mgongo, umeona video ya dawa inayowashwa na mwanga unauliza aache kemo mkaitafute India.

Asiache. Hiyo dawa anachomwa kwenye mshipa, halafu uvimbe unamulikwa kwa leza, ikipata mwanga ndo inaua seli, ila mwanga wenyewe hauzami, ni kama sentimita 1 hivi, kwa titi wameijaribu zaidi kwenye vivimbe vya juu ya ngozi ya kifua. Kanada walishapitisha waya wa mwanga kwa sindano mpaka kwenye pingili za mgongo, lakini ni majaribio kwa wagonjwa wachache. Na porfimeri, mojawapo ya hizo dawa za mwanga, ukichomwa unakimbia jua siku 30 au zaidi, na jua la Dodoma unalijua mwenyewe.

Mi namuuguza mama mdogo, kilichotusaidia ni karatasi ya majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe, ilikuwa imekunjwa tu kwenye bahasha ya kaki. Angalia palipoandikwa ER na PR (vipokezi vya homoni kwenye seli za kansa) na HER2 (protini inayochochea kansa kukua). ER ikiwa chanya kuna vidonge vya homoni kama tamoksifeni, muulize daktari pale hospitali ya Mkapa au ile ya kansa ya Ocean Road kabla hamjauza kiwanja.