Uliza Mkunga: Mimi O hasi, mume wangu B chanya

SWALI: Shikamoo bibi. Nina miaka 26, naishi Chumbageni, Tanga, na nina mimba ya wiki 24. Kliniki wameniambia damu yangu ni O hasi. Mume wangu naye amepima, ni B chanya. Mwaka jana mimba ya miezi mitatu na nusu iliharibika, nikasafishwa hospitali moja hapa mjini na kurudi nyumbani jioni ileile. Hakuna aliyeniuliza grupu langu la damu wala kunitajia sindano. Sasa mavyaa amesikia habari hizi, anasema damu zetu zimekataana, ndiyo maana ile mimba haikukaa, na hii nayo haitakaa. Mume wangu yupo kimya. Kuna sindano nimeambiwa niitafute, nimeulizia bei nikashtuka. Je, ni ya lazima? Na kwa kuwa ile mara ya kwanza sikuchomwa, si nimeshachelewa?
Mwenye hofu, Chumbageni

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na mavyaa, maana naona yeye ndiye anayekukosesha usingizi kuliko hiyo damu. Kuwa na damu hasi hakuzuii mimba kutunga, na siyo kulikoiharibu mimba yako ya kwanza. Mimba changa huharibika kwa mambo mengi, na mara nyingi ni hitilafu iliyokuwamo tangu ilipotunga. Mwambie hivyo kwa adabu, au mwachie gazeti hili mezani alisome mwenyewe. Na huyo mume aache kunyamaza. Mama yake atamsikia yeye kuliko anavyonisikia mimi.

Nikueleze ulichopimwa, kwa sababu wengi wanaondoka kliniki na herufi mbili kwenye kadi wasijue zimetoka wapi. Mtu wa maabara huchukua kigae cheupe, akaweka matone matatu ya damu yako. Kila tone hulitilia dawa yake: ya buluu ni ya A, ya manjano ni ya B, na ya tatu haina rangi, hiyo ndiyo ya D. Anakoroga kwa kijiti, kisha anakiyumbisha kigae taratibu. Tone likikatika vipunjepunje, kitu hicho unacho. Likibaki laini, huna. Yako yote matatu yalibaki laini. Ya mume wako yalikatika mawili, la B na la D. Hiyo D ndiyo habari yote ya hasi na chanya, na mtu anazaliwa nayo au bila yayo; siyo ugonjwa. Kwa Wazungu watu kama 15 katika kila 100 ni hasi. Sisi Waafrika ni wachache zaidi, na kwa kuwa ni wachache hata baadhi ya wauguzi hawajalizoea jambo hili. Nadhani ndivyo ilivyokupita wewe mwaka jana.

Mtoto huipata D kwa baba. Mumeo kama amerithi D kwa wazazi wake wote wawili, watoto wenu wote watakuwa chanya. Kama ameirithi kwa mmoja tu, kila mimba ni nusu kwa nusu. Kwa hiyo hata ile iliyoharibika hatujui ilikuwa chanya au hasi.

Damu yako na ya mtoto hazichanganyiki ovyo, kondo la nyuma linazitenga. Lakini zipo siku ambazo damu ya mtoto hupenya kuingia kwako: siku ya kujifungua kuliko zote, mimba inapoharibika na hasa ikisafishwa, mimba ya nje ya kizazi, kutokwa damu katikati ya mimba, na kuanguka au kugongwa tumboni. (Nyinyi mnaopanda bodaboda na tumbo la miezi saba, nawaona.) Mwili ukikutana na D usioijua, unatengeneza kingamwili za kuiangamiza. Mara ya kwanza unazitengeneza polepole, na mtoto anakuwa keshazaliwa. Mzaliwa wa kwanza kwa kawaida hana neno. Ila mwili hausahau. Mimba inayofuata ikiwa na D, kingamwili zile hupita kwenye kondo zikavunja chembe nyekundu za mtoto. Anapungukiwa damu angali tumboni, anaweza kuvimba maji mwili mzima, au anazaliwa akiwa na umanjano mkali.

Sindano ya anti-D inaingia hapo. Ni kingamwili zilizokwisha kutengenezwa, zinazotolewa kwenye damu ya wachangiaji waliopimwa maradhi. Zikiingia mwilini mwako huzikamata zile chembe za mtoto na kuziondoa, sawa na jirani anayemshika mkono mgeni aliyekosea nyumba na kumtoa uani kabla mwenye nyumba hajaamka. Mwili wako haupati hata nafasi ya kujifunza kuchukia D. Ukiielewa hivyo utajua mara moja kwa nini haisaidii pale mwili ulipokwisha kujifunza: mwenye nyumba ameshaamka.

Sasa uliloniuliza, kama umechelewa. Huenda ndiyo, huenda sivyo, na jibu liko kwenye mshipa wako, siyo kwangu. Mimba ya miezi mitatu na nusu iliyosafishwa ilistahili sindano, na waliokuhudumia walipaswa kukuuliza. Lakini si kila aliyekosa sindano huathirika. Hata baada ya kuzaa mtoto chanya bila sindano yoyote, wanaotengeneza kingamwili ni kama 16 katika 100, na kwa mimba iliyoharibika ni wachache kuliko hao. Kwa hiyo matumaini yako ni makubwa kuliko hofu yako. Wiki hii nenda ukaombe kipimo cha Coombs, kile cha kutafuta kingamwili katika damu ya mama. Kama kliniki yako hawakifanyi, waombe wakuandikie uende hospitali ya Bombo ukaulizie huko. Kifanyike KABLA ya sindano. Ukichomwa kwanza, kipimo kitaziona kingamwili za sindano na watu wataanza kukutisha bure.

Majibu yakiwa safi, utachomwa ukifika wiki 28, kwenye msuli wa bega. Inakulinda kwa muda wa wiki 12 hivi, kiasi cha kukufikisha kwenye uchungu. Sindano ya pili ni baada ya kujifungua, ndani ya saa 72, kama mtoto ni chanya. Nimesema kama, kwa sababu mtoto akiwa hasi huihitaji. Ndiyo maana siku ya uchungu, kabla hata hujapanda kitandani, mwambie mkunga: mimi ni O hasi, naomba mchukue damu ya kitovu. Huchukuliwa kwenye kipande cha kitovu kilichobaki upande wa kondo, mtoto hahisi chochote. Kondo likishatupwa, itabidi mtoto adungwe kisigino. Majibu yakichelewa kutoka na saa 72 zinakaribia, uchomwe bila kuyasubiri. Hata zikipita usikae nyumbani ukilia, kwa kuwa hadi siku ya kumi bado inaweza kufaa. Sindano hizo mbili pamoja huishusha ile hatari ya 16 ikawa chini ya 1 katika 100. Kunyonyesha kunaendelea kama kawaida.

Bei ndiyo, si ya chini. Muwekeze mapema, wewe na mumeo, kama mnavyoweka ya kanga na beseni. Ulizia kwanza hospitali utakayojifungulia kama wanayo au kama bima yako inailipia. Kama hawana, uliza maduka makubwa ya dawa mjini na uagize kabla, kwani kuitafuta saa nane za usiku, mtoto mkononi, ni kujitesa. Hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na haitakiwi kugandishwa. Ukiinunua dukani, chukua kikopo cha chai chenye kifuniko, tia barafu chini, kunja kitambaa juu yake, ndipo uiweke sindano ndani ya boksi lake. Isilale kwenye barafu moja kwa moja. Na uende nayo moja kwa moja hospitalini, usipitie Ngamiani kununua vitenge.

Anayeona sindano hii ni biashara tu nimsimulie kidogo. Ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1960. Kabla ya hapo akina mama walikuwa wanazika. Australia alikuwako mzee mmoja, James Harrison, ambaye damu yake ilikuwa na kingamwili hizi kwa wingi. Alichangia mara 1,173, akaacha mwaka 2018, na inakadiriwa watoto milioni 2.4 walinufaika. Amefariki Februari 2025. Hadi leo sehemu kubwa ya sindano hizi inatokana na watu wa namna hiyo kutoa mkono.

Na kipimo kikikutwa na kingamwili? Sindano haitakusaidia tena, usitoe hela yako. Utahitaji daktari bingwa, damu yako ipimwe mara kwa mara kuona kama kingamwili zinapanda, na mtoto atazamwe kwa kipimo cha picha kinachoonyesha kasi ya damu kwenye ubongo wake, maana mtoto aliyepungukiwa damu, damu yake hukimbia. Wengine huzalishwa mapema kidogo wakawekwa kwenye taa ya kutibu umanjano. Wengi wa watoto hao wanapona, nimewapokea na kuwaona wakienda shule.

Jambo la mwisho kwako: damu ya kukuongeza ikihitajika siku ya uzazi lazima iwe O hasi, na ni adimu. Wapeleke ndugu zako wa tumbo moja wakapime sasa.

SWALI: Bi mkunga, shikamoo. Mimi ni dereva wa bodaboda, Makorora. Mke wangu ni A hasi, mimi ni O hasi, nina kadi ya kuchangia damu. Nesi anasisitiza sindano ya wiki 28. Wote tukiwa hasi, mtoto ataitoa wapi hiyo D? Si nalipia hewa?
Baba mtarajiwa

JIBU: Marahaba baba. Hesabu yako ni sahihi, wazazi wote wawili wakiwa hasi mtoto ni hasi. Nenda na kadi yako, upimwe tena maabara ileile anayopimwa mkeo, kwa sababu zipo D dhaifu ambazo kipimo cha haraka huzikosa. Ikithibitika, daktari anaweza kuiacha sindano.

Ila usimkasirikie nesi. Kliniki nyingi humchoma mama bila kuuliza damu ya baba, na sababu yake moja nisingependa kuiandika gazetini. Tuseme hivi: mkeo ana haki ya kuamua hili na mkunga wake faraghani, bila mtu kusimama mlangoni. Simsemei mkeo, nasema kazi yetu ilivyo.

Na kwa kuwa wewe ni O hasi, usiiweke hiyo kadi kabatini. Damu yako hupewa karibu mtu yeyote wa dharura. Soma barua iliyotangulia, yuko binti Chumbageni ambaye angefurahi kukujua.

SWALI: Bibi, mimi ni O chanya. Mtoto wangu alianza umanjano jioni ya siku aliyozaliwa, akalazwa kwenye taa, sasa ana miezi miwili, mzima. Kama mimi ni chanya, umanjano ulitoka wapi? Jirani anasema ningemwanika tu jua la asubuhi.
Mama wa Pongwe

JIBU: Hongera kwa kutomsikiliza jirani. Mama mwenye O, hasi au chanya, ana kingamwili za A na za B kwa asili yake. Mtoto akizaliwa A au B, baadhi huvuka na kuvunja damu yake, hata kama ni mimba ya kwanza. Kwa kawaida ni nyepesi kuliko ile ya D niliyoieleza hapo juu, na haina sindano ya kuizuia. Taa ya buluu huigeuza ile rangi ya manjano mwilini ili itoke kwa choo na mkojo. Jua halipimiki, na mtoto mwenyewe mnamfunga kanga tatu, litamfikia wapi?

Umanjano unaoonekana ndani ya saa 24 za kwanza siku zote ni wa hospitali, usiku huohuo, kwa sababu ukizidi hupanda ubongoni ukamwacha mtoto kiziwi au na viungo visivyotii. Kwa ngozi zetu usitazame mashavu. Mpeleke dirishani, bonyeza ncha ya pua kwa kidole, achia, utazame rangi kabla damu haijarudi. Kisha weupe wa macho, fizi na nyayo. Mtoto ujao, waambie wakunga tangu mwanzo kuwa huyu wa kwanza alilazwa kwenye taa.