Maswali ya Wageni: "Nimemkosea Nini Muuza Duka?"

Barua za wiki hii karibu zote zimetoka kwa wageni waliofika hapa Zanzibar. Walioniuliza bei za hoteli wanisamehe, hilo si fani yangu.

Natoka Ujerumani, najitolea katika skuli moja ya mjini. Nikiingia dukani naomba maji kwa Kiswahili safi, lakini muuzaji ananihudumia uso mkavu. Nimemkosea nini?

Umemkosea salamu, mwanangu. Umeingia na haja yako mdomoni kama unayemtuma. Hapa maji hayaombwi mpaka watu wajuliane hali: "Asalaam alaykum", habari za asubuhi, za nyumbani, za kazi. Naye atakuuliza zako, nawe utajibu "nzuri" hata kama umekesha na homa. Homa itatajwa baadaye, salamu zikishakwisha. Mimi yalinikuta kinyume. Siku zangu za mwanzo Ulaya nilisalimia kituo kizima cha basi, bibi mmoja akahamishia mkoba wake upande wa pili. Nikajiona mwizi! Basi nakuelewa. Na ukipita penye baraza wazee wamekaa, usikate kimya kimya. Anayepita ndiye anayeanza kusalimu, si waliokaa.

Mimi Mkenya, Kiswahili nimekua nacho. Mbona sokoni Darajani nilipoulizia nyanya na viazi nilionekana mgeni? Na muuza chai alininunia niliposema "nipe chai".

Nyanya wanazijua, usitie shaka, ila sokoni utasikia tungule. Viazi ulivyovitaka ni mbatata. Ukisema viazi tu, unaweza kuoneshwa vitamu. Mkate wa kununua dukani ni boflo. Ama "nipe", hiyo ni amri. Yule ni mama wa watu, mwambie "naomba chai" au "nipatie".

Nimepotea Mji Mkongwe mara nne. Ramani ya simu inazunguka tu.

Itie mfukoni. Mji Mkongwe umekaa kwenye rasi, kwa hiyo ukishika upande mmoja bila kurudi nyuma, utatokea baharini au barabara kubwa ya Darajani. Zamani pale palikuwa na mkono wa bahari, watu wakivuka kwa daraja kwenda mitaa ya Ng'ambo. Maji yamefukiwa, daraja halipo, majina yamebaki yote mawili. Akikutokea kijana hujamwita na kutaka kukuongoza, huyo ni papasi. Mshukuru, endelea na safari, njia kamuulize mwenye duka (baada ya salamu, tumeshaelewana).

Dereva aliniambia saa tatu. Nilisimama juani tangu saa tisa alasiri, hakutokea.

Alikuja asubuhi, akakukosa, akaenda zake. Wewe ulisikia "tatu" ukaisoma kwenye saa yako ya mkononi. Kwetu saa za mchana zinaanza kuhesabiwa jua likichomoza, za usiku likizama. Angalia tiketi ya boti tu: ikiandikwa 09:30, ni saa tatu na nusu asubuhi.

Nivae nini mjini?

Mabega na magoti yafunikwe. Kanga moja inatosha. Nguo ya kuogelea ibaki pwani.

Niko Wete, Pemba. Kila nikipita uani watu wanakula, wananiambia "karibu". Ni kweli, au ni maneno ya adabu?

Ni yote mawili, ndiyo maana wageni wanatatizika. Mara ya kwanza jibu "starehe", yaani endeleeni, msijisumbue kwa ajili yangu. Wengi wataishia hapo na hakuna aliyeudhika. Lakini wakirudia, mtu akasogea kukupa nafasi mkekani, hapo wamekusudia. Vua viatu, nawa, kula kwa mkono wa kulia, tena upande wako wa sinia. Usivuke kwenda kuchokoa samaki wa mwenzio. Umeshiba? Onja tonge moja. Pesa usitoe kabisa, utawavunja. Siku ya pili pita na kilo ya sukari, useme ni ya watoto.