Riwaya, msamiati na kipande cha mkaa

Mwalimu mwenzangu wa Mafinga, umesema kidato chako cha tatu wanakariri dhamira za Watoto wa Mama N'tilie bila kuisoma riwaya yenyewe, na unauliza uanzie wapi. Pole sana, nalijua hilo.

Anza na maneno, ila usiwajazie ubao maana. Chukua "mama ntilie" peke yake. Waulize limetoka wapi, mpaka waisikie sauti ya mteja aliyenyoosha sahani: "Mama, nitilie!" Kisha waulize wa hapo stendi kwenu anapika nini, na asubuhi ya baridi ya Juni anajifunika nini. Neno moja litakula nusu ya kipindi, na wala si hasara.

Halafu wachore. Rangi za dukani ni ghali, achana nazo. Mkaa na karatasi ya mfuko wa saruji vinatosha. Huku Tukuyu niliwaambia wachore jalala wanakookota watoto wa riwaya hiyo, na kila kilichochorwa kibebe neno la kitabuni. Binti mmoja alichora mikono tu, imeshika kopo. Nikamuuliza, mikono ya nani? Akafungua kitabu kutafuta. Hapo ndipo nilipofurahi, maana mchoro ulimrudisha kwenye ukurasa.

Tafadhali usitoe maksi za uzuri wa mchoro, asiyejua kuchora atakata tamaa siku ya kwanza. Mwambie akuonyeshe sentensi aliyoichora. Jaribu na sura ya kwanza tu, kisha utuambie walichora nini.